Chuma cha Gari la Mama Philister

Kijiwe chetu kiko nyuma ya Adams Arcade, mbele ya gereji ya Kivuva, na kina benchi moja na mto mmoja. Mto huo tumeugombania miaka sita. Asubuhi hiyo aliuwahi Profesa, tarishi mstaafu ambaye hajawahi kufundisha mtu, sisi wengine tukanywa kahawa ya Cate, mwenye kibanda cha jirani, tukiwa tumekalia mbao. Kivuva alikuwa ameinama ndani ya gari kuukuu la Okinyi, mwenzetu wa kijiweni, akijaribu kufunga chuma alichokichomelea mwenyewe, cha kushikanisha vichwa vya shock mbili za magurudumu ya mbele kikipita juu ya injini. Nafasi ya kidole haikuwepo. Mara tatu kwa wiki Okinyi humpeleka mamake hospitali ya Upper Hill kusafishwa damu, na njia nzima mama analalamikia mgongo. Ndipo Okinyi akaomba chuma, akidhani gari likitulia mgongo nao utapoa. Nampenda jamaa huyu, sifichi.

—Imegonga betri, akasema Kivuva.

—Peleka betri buti, akasema Ndungu, tunayemwita Senator. Penye nia pana njia.

—Betri nimesongeza. Sasa ni boneti haifungi.

—Si utoe boneti! akasema Profesa. Mficha uchi hazai.

—Na mvua ikinyesha?

—Kwani injini ni sukari?

—Mimi ningegeuza injini iangalie nyuma, akasema Senator.

—Alafu Okinyi aende hosi na reverse?

—Si atafika tu, bana? Kutangulia si kufika.

Kivuva hakucheka. Alikitoa chuma, akakikata, akakipinda, akakichomelea upya, mara ya tatu siku hiyo. Saa tano boneti ikafunga. Tulipiga makofi. Okinyi alifuta macho akasingizia moshi.

Mama Philister, mamake Okinyi, aliyekuwa akingoja kwenye kiti cha Cate, akaja polepole na mkongojo wake.

—Asanteni wanangu. Hiyo chuma inafanya nini?

—Inashika gari kwa kona, Mama, akasema Kivuva. Haiyumbi.

—Sawa. Na kwa matuta, mgongo itaacha kuniuma?

Kivuva akatazama spana yake. Chuma kile hukaza gari, hakililainishi hata kidogo, na alijua.

—Fundi, si ulisema gari itatulia? akauliza Okinyi.

—Itatulia kwa kona, buda. Ya mgongo hukuniambia.

Nilimwonea Okinyi huruma, nikaweka kahawa chini.

Profesa ndiye aliyeinuka. Aliukung'uta mto kwenye paja lake, akaenda kuuweka kwenye kiti cha nyuma cha gari, upande wa mama.

—Jaribu hapa, Mama.

Mama akaketi, akajisogeza, akaegemea.

—Hapa sasa, akasema.

Gari likatoka. Tulisimama sote kulitazama likipanda tuta la getini, likishuka. Mkono wa mama ukatoka dirishani, ukatupungia.

—Profesa, sasa utakalia nini? akauliza Senator.

—Mbao. Songa.

Tukasonga.