Mwalimu Breki, Ambaye Hakunywa

Kaka yetu, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu Breki, alizaliwa tarehe 11 Aprili 1962, mtoto wa tatu kati ya watano.

Alisoma hadi kidato cha nne, akafaulu vizuri kwa namna ambayo haikumpeleka popote, kisha akajifunza umakanika. Mwaka 1986 aliajiriwa na shule ya udereva. Nusu ya mliofika hapa leo kwa gari mlifundishwa naye. Nusu nyingine tumewajua kwa mlivyoegesha.

Mwaka 1990 alimwoa mwanafunzi wake, fundi cherehani, ambaye siku ya kwanza aliligonga gari ukutani. Kaka alishuka, akakagua, akasema, "Umesimama vizuri, mama. Ukuta ndio ulikuwa karibu." Wifi anasema alikubali palepale.

Mwaka 2017 uso ulianza kumwaka ghafla, kifua kikapiga miluzi, tumbo likamwendesha usiku na mchana. Alikwenda zahanati ya mtaani, kwa daktari ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuendesha, na ambaye alifaulu mtihani mara ya nne. Tulipomshauri ajaribu kwingine, alishangaa: "Niende wapi? Yule si mwanangu?"

"Mwalimu, punguza pombe," mwanawe huyo wa udereva akamwambia.

"Sijawahi hata kuionja, daktari."

"Wote mnasema hivyohivyo."

Akapewa dawa za tumbo, za pumu, hata za wasiwasi. Kisha daktari, kwa nia njema kabisa, akamnong'oneza mwenye shule. Kaka alipuliza kipima pombe, kikasoma sifuri. Mwenye shule akaamua kifaa ni kibovu. Mwaka 2019 kaka alitolewa kwenye gari, akabaki na ubao wa alama za barabarani. Nyumbani, na wifi ameruhusu tuyaseme haya, vikombe vyake vilinuswa.

Januari 2022 daktari alikwenda likizo. Daktari binti aliyemshikia nafasi alimuuliza kaka kama uso humwaka hata kabla hajala, kama tumbo humwamsha usingizini, na kama kifua hubana wakati huohuo. Akaagiza kipimo cha mkojo wa siku nzima na picha ya tumbo. Ilikuwa saratani ya nyuroendokrini: uvimbe mdogo wa utumbo mwembamba, unaomwaga homoni kwenye damu. Ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Kaka hakuuliza amebakiza muda gani. Aliuliza, "Kwa hiyo sasa itaandikwa kwamba sinywi?"

Sindano za kila mwezi ziliutuliza uso. Ini halikupona. Daktari wake wa zahanati alikuja kumwona hospitalini, na matunda mkononi.

"Mwalimu, dalili zilifanana na za mlevi."

"Na mimi je? Nilifanana na mlevi?"

Matunda waliyala wauguzi.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024. Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, ndugu wanne, na madereva wasio na idadi, mmoja wao daktari, ambaye tunamwona alipokaa. Aliomba jambo moja lichapishwe hapa, kwa herufi kubwa:

HAKUWAHI KUNYWA POMBE.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado.