Gunzi Ndani ya Injini: Isaya Akonaay Anastaafu

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Isaya Akonaay atafunga mlango wa karakana ya ushirika wetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Atarudi Endamarariek kwenye eka zake nne za mahindi na mbaazi, na mkewe, Mama Lukresia, ameshatangaza kwamba ovaroli yake ya karakana haivuki kizingiti cha nyumba. Lakini kabla hajaondoka kuna jambo juu ya jina lake ambalo lazima liwekwe sawa. Kwa kuwa kalamu nimepewa mimi, litawekwa sawa hapa.

Alianza mwaka 1994 akiwa dereva wa trekta. Ufundi hakuusomea popote. Aliupata shambani, kwa sababu trekta lilikuwa likimzimikia katikati ya kazi, na fundi wa karibu alikuwa Karatu mjini, tena mwenye maringo. Basi akawa anafungua mwenyewe. Kila nati aliyoitoa aliipanga juu ya gunia, na wakati wa kufunga alianzia mwisho kurudi mwanzo. Gunia hilo analo hadi leo, na ole wake atakayelikanyaga.

Ukulima wake ndio uliomfanya fundi wa namna yake. Ukimletea mashine mbovu haulizi imelia vipi. Anauliza ilikuwa inalima wapi, udongo ulikuwa mbichi kiasi gani, na nani alikuwa na haraka. Mara nyingi ugonjwa hupatikana kwenye jibu la swali la tatu. Amewahi kuifufua kombaini kwa mkanda wa mashine ya kusaga, ngano ikavunwa yote, na mwenye mashine akasaga siku mbili baadaye akinung'unika. Alipotengeneza injini ya pampu ya kisima kule Ololosokwan, Mzee Seenoi wa huko alimzawadia beberu. Beberu huyo alikula nusu ya kiti cha gari la ushirika kabla hawajafika Karatu. Kiti alikishona mwenyewe.

Vijana wa sasa wanamwita Mzee Gunzi, wakidhani ni kwa sababu ya kupenda mahindi ya kuchoma. Wanachama wa zamani wanajua asili yake, au wanadhani wanaijua.

Ilikuwa Machi 2003, wingu limeshatanda, na foleni ya kulimiwa ni ndefu. Isaya alikuwa ameteremsha sampu, bakuli la oili la chini ya injini, ya trekta kubwa ili kusafisha chujio la oili. Vumbi letu mnalijua. Akafanya wanavyofanya mafundi wakulima wote wa huku: akakata kipande cha gunzi, akaziba mdomo wa bomba linalofyonza oili. Kisha akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Ndiyo ilikuwa sheria ya karakana: ukikiona chekundu, ujue kuna kitu ndani, usifunge. Mvua ikaanza upande wa kwake, akaomba ruhusa akapande maharage.

Asubuhi yake trekta lilifungwa, likapelekwa shambani kwa Mama Sabina Margwe, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Geji ya oili ilikuwa imekufa siku nyingi. Halikumaliza hata robo eka, injini ikanoki, ikakwama kwa kukosa oili.

Lilikaa juu ya mawe wiki tatu. Mama Sabina alipanda kwa kuchelewa na mwaka ule alivuna kidogo sana. Mkutano mkuu ulikuwa mkali. Ajabu ni kwamba mkutano huohuo ndio uliokuwa umthibitishe Isaya kuwa mkuu wa karakana. Jina lilikuwa limeshaandikwa kwenye ajenda. Mwenyekiti aliinua lile gunzi lililopondeka na kuuliza ni la nani. Isaya akasimama, akasema: "Nililiweka mimi."

Hakusema zaidi, na hakusema uongo. Cheo kikaenda kwa mtu mwingine na yeye akakisubiri miaka tisa. Mama Sabina, kwa uchungu wake, akampa lile jina, nalo likamganda.

Aliyelifunga lile trekta ni mimi, Wilson Darabe, ninayeandika haya. Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Nilitaka kuonekana hodari kabla Isaya hajarudi. Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi, nikakiona kitambaa kwenye usukani, nikakifungua na kujifutia. Sheria niliijua, ila haraka ilinizidi. Isaya alikikuta kitambaa hicho mfukoni mwa ovaroli yangu, kimechafuka, kabla ya mkutano. Alikitazama, akakirudisha palepale. Nami mkutanoni nilikaa kwenye benchi la nyuma, nikamwacha abebe lawama. Nimekaa na siri hii miaka ishirini na miwili, na nina aibu.

Karakana anaiacha mahali pazuri. Matrekta yote matatu yanawaka kwa ufunguo, bila kusukumwa, na kuanzia Jumatatu karakana itashikwa na Nosim, binti wa kutoka Malambo aliyefundishwa naye kwa miaka sita, ambaye akisikiliza injini hufumba macho kama mwalimu wake. Wengi mlitarajia ningeshika mimi. Nilikataa, na sasa mnajua sababu.

Juzi nilikwenda kwake kumwomba radhi, na kumwomba ruhusa ya kuandika. Nilimkuta anapalilia. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha jembe, kisha akasema: "Andika. Ila andika na hili, kwamba kesho yake, baada ya mkutano ule, ulirudi kazini. Mimi nilikuwa nangoja kuona hilo tu."

Mama Sabina, kama unasoma, yule uliyemkasirikia ni mimi, na Ijumaa nitakuwa pale mlangoni, njoo uniambie. Mzee Isaya, asante kwa mashine, asante kwa mafundi uliotuachia, na asante kwa kunyamaza. Mvua zikukute umeshapanda, afya iwe nawe na Mama Lukresia, na uishi miaka mingi ukiitwa kwa jina ulilopewa na wazazi wako.