Msumeno wa Vipini Viwili

Kwenye basi la wapanda milima, huku kwetu Montana, Marekani, Mzee Lyle alipakata msumeno mrefu wa kuvutwa na watu wawili. Kule porini msumeno wa injini ni marufuku.

"Unaenda kutufungulia njia, mzee?" akauliza dada wa kiti cha pili. "Baba yangu macho yanakwisha. Anataka kuliona ziwa, na hawezi kuruka magogo yaliyoangukia njia."

"Naurudisha kwa askari wa hifadhi, binti. Miaka thelathini nimekata magogo, na mmekuja wengi mpaka dubu wamehama. Mbuzi wa mlimani wameacha majani, wanalamba mikojo yenu wapate chumvi."

Kweli kabisa. Mimi mwenyewe mbuzi mmoja alinisindikiza kujisaidia siku tatu, akanikoromea nilipochelewa.

"Kwa hiyo baba'angu ndiye kafukuza dubu?"

"Yeye na wenzake elfu nne."

"Na wewe ziwa umeliona mara ngapi?"

Mzee akapapasa kipini cha pili. "Hata ningetaka kukata tena, ningekata na nani? Virgil, mwenzangu wa kipini hiki, tumemzika Machi."

Basi likasimama. Mzee akashuka akiuburuta msumeno. Dada akakidaka kipini cha nyuma, asivute wala asiachie, akingoja mzee aanze kuvuta.