Namba za 256

Teksi ya Tororo ilikuwa haijatoka Busia wakati Norah, mfugaji wa Osukuru karibu na Tororo, aliposikia jina la tovuti iliyomkataa siku tatu mfululizo. Ni tovuti ya kuita daktari wa mifugo, na kijana aliyeiunda, Benard wa upande wa Kenya, alikuwa amekaa kiti cha mbele akijisifu.

"Kipande cha msimbo wa JavaScript cha kukagua namba ya simu nilikiandika mara moja tu, nikakitumia kwenye kila fomu. Kazi safi hufanywa hivyo."

"Na ulijaribu na laini gani?" akauliza Oguttu, mwenzake wa Tororo.

"Yangu, ya 254."

"Sasa sisi watu ya 256, huku Uganda, tunaingia wapi?"

"Mbona hakuna hata mmoja wenu amelalamika?"

"Fomu ya malalamiko si inataka namba pia?"

Benard alifungua kompyuta, akaikagua fomu hiyo. "Inataka," akakiri. "Lakini hilo si kosa la programu, ni nyongeza ya kuwekwa baadaye. Tutaipanga mwezi ujao."

"Ni kosa."

"Ni nyongeza."

Teksi ikasimama Tororo wangali wanabishana. Norah alishuka. Ng'ombe aliyejaribu kumwitia daktari siku zile tatu alikuwa amefukiwa Jumapili.