Tope la Shemeji

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na kitasa chake bado kinamchoma anayekaa mwisho. Lipo kwenye kona, barabara inapoteremka kwenda kinamasini, pale maji ya bahari yanapopanda na kushuka juu ya nyasi za chumvi. Nusu ya kinamasi ni yangu, nusu ilikuwa ya marehemu kaka, na sasa ni ya mjane wake. Asubuhi hiyo, ukimwacha muuza kahawa, tulikuwa watatu: mimi, ninayeitwa Tajiri kwa kejeli, Mchinjaji, na Bingwa, fundi redio anayejua kila kitu isipokuwa redio. Shemeji, huyo mjane, alikuwa amepita na mabuti mapya ya mpira, anakwenda kwa wataalamu wanaopima kinamasi, waliompa kazi. Wivu ulinijaa.

— Mmeyaona yale mabuti? nikauliza.

— Mapya, akasema Mchinjaji. Na mshahara juu.

— Mshahara wa kulinda matope! Mimi sina matope?

— Ya kwake yana hewa ya ukaa, akasema Bingwa. Nyasi zinaivuta, zikifa zinazikwa nayo topeni. Walichomeka bomba, likatoka na tope jeusi tii.

— Na kwangu?

— Kwako waliona alama za kwato, wakapita.

— Wengi ni ng'ombe wa Mchinjaji hao, wangu wachache tu!

— Wangu wanakula kwa adabu, akasema Mchinjaji. Halafu kwato zinashindilia. Unga ukiushindilia kwenye debe, unaingia mwingi au hauingii?

— Unaingia, nikakubali. Basi tuongeze ng'ombe!

— Na samadi yao, akadakia Bingwa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Lakini ng'ombe si anacheua gesi? nikauliza.

— Hapo ndipo penye akili. Mwinamishe kichwa majini, gesi iingie topeni moja kwa moja.

— Si atakufa?

— Mchinjaji yupo. Kufa kufaana.

Walicheka. Mimi sikucheka.

— Mimi nasema kawaroga wale wataalamu.

— Nani, shemeji yako? akashangaa muuza kahawa. Si ndiye aliyekuuguza mwezi mzima?

— Huyo huyo. Wema wa namna ile lazima una jambo.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Bingwa.

— Nani anakula nini hapa?

Kabla hajajibu, shemeji akatokea anapanda kutoka chini, tope limemfika magotini, daftari kwapani. Tukawa watu wema ghafla.

— Hamjambo, shemeji zangu?

— Hatujambo, shemeji! Pole na kazi!

— Nimeshapoa. Shemeji, nimetumwa kwako. Wamegundua upande wako ni udongo wa mfinyanzi, wangu una mchanga. Wanasema kwenye udongo wa mfinyanzi ng'ombe wachache huenda hawadhuru, pengine wanasaidia tope kushikana na kutunza hiyo hewa. Wakizidi, nyasi zinakwisha na mizizi inakufa. Hawana hakika bado. Wanataka mtu wa upande ule wafanye naye kazi, kama mimi. Nimewaambia hakuna anayepajua pale kukushinda.

Mchinjaji akanitazama kwa jicho lile la wivu nililomtazama nalo shemeji alipopita asubuhi, na nikaona raha.

— Nipo tayari, shemeji. Hata leo.

Akafungua daftari.

— Swali la kuanzia ni moja tu. Pale wanalisha ng'ombe wangapi?

Nikamtazama Mchinjaji. Mchinjaji akamtazama Bingwa.

— Kama ishirini, akasema Bingwa.

— Arobaini, akasema Mchinjaji.

Kila aliyeniomba malisho ya ng'ombe wake nilimjibu hapa hapa, kikombe mkononi: ingiza tu. Kinamasini kwenyewe sijateremka tangu tumzike kaka. Shemeji alisubiri, kalamu juu ya karatasi, wala hakucheka. Laiti angecheka!

— Basi tuanze na wa kwako, akasema kwa upole. Wako ni wangapi, shemeji?

Nikamgeukia Mchinjaji tena. Hata idadi ya hao sikuijua.