Kishikwambi Kisichojua Njaa

Mgeni rasmi, uliyetarajiwa saa tatu na kwa upendo wako ukawahi saa nane. Viongozi mliofuatana naye. Wagonjwa mlioweza kuamka:

KARIBU
Sisi wahudumu kumi na wawili wa wagonjwa majumbani tunakukaribisha Kalenga. Wewe si mgeni kabisa. Kila tukiwasha kishikwambi, sura yako ndiyo hutangulia.

TULIKOTOKA
Zamani, kujua mgonjwa kala nini, tulifunua sufuria. Ushamba mtupu! Mwaka jana mradi wako ukatuletea vishikwambi. Tunabofya alichokula, kompyuta inapiga hesabu na kutoa rangi. Kijani, ameshiba. Nyekundu, apewe unga wa lishe.

MAFANIKIO
Leo wagonjwa wetu wote arobaini ni kijani, ndiyo maana umekuja na cheti. Hata Mzee Kasian, tuliyemzika mwezi Machi, bado ni kijani. Lishe yake haijatetereka.

CHANGAMOTO
Ni moja tu, ndogo. Kompyuta inauliza: asubuhi amekula nini, mchana nini, jioni nini? Orodha ni ndefu, hadi jibini imo. Ila hakuna pa kubofya kwamba hajala. Ukiacha wazi inagoma kuendelea, na ripoti isipofika mratibu wa mradi anapiga simu kufoka. Basi tukawa tunabofya ndizi. Ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi jioni. Milo mitatu, kijani! Kosa hilo ni letu, na linatuuma.

Kwa ndizi hizo Bibi Yudith, aliyelala kitandani tangu apooze, alikatiwa unga. Miezi miwili hakulalamika, maana huku kwetu mgeni haambiwi njaa. Juzi alimshika mkono mwenzetu Benedicta, akamuuliza taratibu: "Mwanangu, hizo ndizi mnazoniandikia kila siku, mimi naletewa lini?"

Benedicta alituletea swali hilo. Nasi tunakuletea wewe uliyesoma.

MAOMBI
Kwanza, tuongezewe kitufe kimoja: HAJALA. Wataalamu walioweza kuweka jibini hawatashindwa.

Pili, pilau inanukia, tunajua umechoka na safari. Lakini Bibi Yudith anakaa nyumba ya pili kutoka hapa. Kabla hujatukabidhi cheti, twende wote ukafunue sufuria yake.

Mungu akulinde, akujalie milo mitatu isiyo ya kubofya.

Ni sisi,
Wahudumu wa Wagonjwa Majumbani,
Kikundi cha Tuinuane, Kalenga.