Neno la Mwisho la Mjomba Uwesu

SIKUZANI: Haloo! Nani mwenzangu?

SHAKILA: Mama, mimi Shakila, nipo hapa Masasi. Shikamoo.

SIKUZANI: Marahaba, mwanangu. Paza sauti, gari linaunguruma—

SHAKILA: Gari? Gari gani? Si nilikuandikia usitoke hapo Mkunya mpaka nije?

SIKUZANI: Uniandikie mimi? Macho yenyewe sina.

SHAKILA: Meseji ya asubuhi! Simu si inakusomea kwa Kimakonde?

SIKUZANI: Inanisomea vizuri tu. Lakini asubuhi kasema mjomba. Kasema nisitoke. Mchana kabadili: nipande gari na Gerson jirani, nikaweke dole gumba kwenye hati Newala mjini, shamba la mikorosho liwe la Gerson.

SHAKILA: Mama. Mjomba Uwesu tumemzika.

SIKUZANI: Unanifundisha? Nani alimlilia kunishinda? Lakini wale wa mradi wa simu za kusoma Kimakonde waliichukua sauti yake angali hai, wakaitia humu. Hata kule kukokota maneno, ni yeye.

SHAKILA: Ni sauti tu! Inasoma meseji ya yeyote. Yangu, ya Gerson, ya matangazo—

SIKUZANI: Kumbe! Juzi mjomba kanihimiza ninunue bando, nikashangaa.

SHAKILA: Ndiyo hivyo! Asubuhi nilikuwa mimi. Mchana ni mtu mwingine!

SIKUZANI: Shakila, kwetu shamba anagawa mjomba. Akisema mara mbili, la mwisho ndilo neno. Mimi nani nibishe?

SHAKILA: Gerson yuko wapi?

SIKUZANI: Mbele, kwa dereva. Hasemi. Nasikia anabonyezabonyeza simu tu.

SHAKILA: Toba! Mama, shuka hapo!

SIKUZANI: [Mtandao unakwaruza.] —masikio yananiziba.

SHAKILA: Yanaziba? Kama tukiteremka kuja huku Masasi?

SIKUZANI: Ehe, vilevile.

SHAKILA: Mama, Mkunya na Newala mjini zote ziko juu mlimani. Hakuna mteremko huo. Wanakupeleka wapi?

SIKUZANI: Gerson! Baba, mwambie dereva asimame, nataka kujisaidia. Gerson? ... Hasimami, Shakila. Kaongeza mwendo. Naogopa, mwanangu.

SHAKILA: Niambie unasikia nini! Watu, bodaboda, chochote—

SIKUZANI: Upepo tu. Ngoja, imeingia meseji. Mjomba huyo.

SHAKILA: Usimsikilize!

SIKUZANI: Anasema nimpe Gerson simu.

SHAKILA: Ni Gerson mwenyewe anaandika! Mama, nakuomba, kataa!

SIKUZANI: Tangu nizaliwe sijamkatalia mjomba neno. Lakini leo simpi. Umesikia, Gerson? Simu sikupi, na dole gumba siweki!

SHAKILA: Hivyo hivyo, mama! Nakimbilia polisi sasa hivi, usikate—

SIKUZANI: Gari limesimama.

SHAKILA: Wapi? Mmesimama wapi?

SIKUZANI: Sijui. Kimya, hata jogoo simsikii. Wanafungua mlango wangu.

SHAKILA: Mama! Mpe simu huyo Gerson, niongee naye mimi, tutaelewana—

SIKUZANI: Mwelewane nini? Shamba ni la kwenu, wewe na watoto wako. Mimi nimeshakataa, basi. Haya, kwaheri, Shakila, na usije huku peke ya—

SHAKILA: Mama? Haloo? Mama!

[Simu imekatika.]